Pedali ao ampli? Kitu ya kununua kwanza kama unapiga akompanyema mu Lubumbashi

Vijana wa korali na wa orkestra wananiuliza kila mara ampli gani iko nzuri, na mie nawaambia ile pesa ya ampli waiweke kando kwanza. Huku kwetu gita ya akompanyema (ile inapiga akodi nyuma ya gita ya solo) mara mingi inaingia moja kwa moja mu sono (mashini ya sauti na baffle zake), ku kanisa, ku ndoa, njo maana namba moja yangu ni pedali ya efe mingi, kile kisanduku cha kukanyaga cha kubadilisha sauti ya gita, na kwa pesa kidogo nachagua Zoom G1 Four. Ndani iko na sauti za kuiga ampli 13, unapanga efe 5 kwa wakati moja, na inatembea na pile 4 za AA mpaka saa 18, kwa hiyo umeme ikikatika weye unaendelea na kaski yako. Lakini faida kubwa ni hii, kila wimbo unaiwekea sauti yake mbele ya wakati, ukifika pale unakanyaga tu.

Rumba ya polepole: sauti safi, korasi kidogo (efe ya kufanya gita isikike kama mbili), reverbu kidogo (mwangwi), selekta katikati ya mikro mbili za gita. Sebene, ile sehemu ya mbio ya kucheza, ikianza toa reverbu karibu yote, tia kompresa (inasawazisha sauti kubwa na ndogo), punguza sauti za chini kwa sababu mupiga gita ya besi tayari anazishika, kisha hamia mikro ya karibu na shevale (pale nyuzi zinafungiwa ku mwili ya gita), ule ukali njo unafanya misolo (gita ya katikati ya solo na akompanyema) na akompanyema zisikike bila kugombana na solo. Rock ao nyimbo za kuabudu za siku hizi, tia disto (sauti ya kukwaruza) lakini geini, ile nguvu ya disto, iwe nusu ya ile unapenda chumbani, akodi ya nyuzi sita na geini mingi inakuwa bukari tu. Na kama unapiga kwa vidole, ule mtindo wa Katanga wa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mu 1952 kule Jadotville (njo Likasi ya leo), zima kila kitu, bakisha kompresa.

Angalia: mu sono unaacha ile efe ya kuiga kabine (sanduku ya spika ya ampli) ikiwaka, mu ampli unaizima, la sivyo sauti inakuwa nzito na imefunikwa.

Namba mbili ni ampli ya Boss Katana 50, kama munapiga sana mahali hakuna sono. Inashuka mpaka wati 0.5 kwa nyumba, majirani watakushukuru. Ila ikitoka Marekani soma nyuma yake, kule ni volti 120, kwetu 220, bila transfo inaungua siku ya kwanza.

Namba tatu, ampli ndogo ya Roland Cube Street, pile 6 za AA, nzuri kwa kona ya barabara, ila wati 5 tu, ngoma zikiingia hausikiki tena.

Namba nne, pedali ya korasi peke yake. Boss walitoa yao ya kwanza, CE-1, mu 1976, korasi yenyewe waliichukua mu ampli ya Roland JC-120. Tamu sana, lakini ni rangi moja.

Ya mwisho kabisa ni pedali ya disto ya metali. Eeh, iko bei rahisi, lakini kwa akompanyema utaifungua mara ngapi?

Kabla ya yote badilisha nyuzi, zile za unene 10-46 zinatosha. Ku magazini nenda na gita yako na jaki yako (waya ya gita), na uombe adapta yenyewe ya volti 9, hasi katikati, muuzaji akisema "yoyote itaenda" usikubali.