Gita la bei nafuu na muuzaji aliyelaumu vidole vyangu

Usinunue gita hili la umeme. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila aliyeniuliza, na hata leo ninapoandika sijatulia. Habari za aina ya mbao, rangi zilizopo, idadi ya pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, na mengine ya kwenye boksi sitazigusa; zimejaa mtandaoni, kila mtu anaweza kuzisoma. Mimi nina habari ya uzi mmoja, uzi wa tatu, ule wa G, na maneno niliyotupiwa nilipolirudisha gita dukani.

Nimepiga gita kavu kwa miaka mingi. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele litahitajika. Kutyuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi, najua, sikio langu nalijua, na gita likianza kutoka kwenye sauti nasikia kabla tyuna haijaniambia. La umeme nililitaka kwa ajili ya kazi za juu ya shingo, solo na sebene, ambazo gita kavu huzikubali kwa shida: nyuzi zake nzito, na mwili wake unauzuia mkono usifike freti za mwisho, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Fungu langu halikuwa kubwa. Nikazunguka, nikalinganisha, nikalishika hili nikaona linakaa vizuri mapajani na shingo yake inaujaza mkono bila kuuchosha. Nikalipa.

Nyumbani nikalityuni, nyuzi zote sita, tyuna inawaka kijani. Nikapiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) ya E ya wazi, ikatoka safi. Nikapanda shingo, nikabendi uzi wa tatu (kuusukuma pembeni sauti ipande) kwa kidole cha pete, toni moja tu ya kawaida, nikauachia urudi. Nikashuka kwenye E ileile. Imeharibika. Uzi wa tatu umeshuka, uko flati kiasi cha kuumiza sikio. Nikazungusha kifunguo chake kukaza: kimya, sauti iko palepale. Nikaongeza: bado. Nikaongeza kidogo tena, nikasikia "tik!" kule kichwani mwa gita na sauti ikaruka hadi shapu, juu kupita kiasi. Nikalegeza. Tik. Ikapitiliza chini. Kila nikibendi, nyumbani hairudi. Nikabadilisha nyuzi zote, nikazivutavuta zitulie kama nyuzi mpya zinavyotaka, nikarudia. Hali ileile. Huwezi kumaliza wimbo mmoja bila kusimama kutyuni.

Nikalirudisha dukani. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kushika gita maishani mwake. Alikuja kunibebea amplifaya. Muuzaji akatupokea, na tangu neno la kwanza akawa anaongea na yeye. Mimi naeleza, anamjibu mdogo wangu. Nasema uzi wa tatu haurudi, anamwuliza mdogo wangu, "Ulilinunua lini?" Mdogo wangu akamwambia, "Kaka, gita ni la dada." Ndipo akalichukua.

Alichofanya nakikumbuka hatua kwa hatua. Kwanza akalityuni. Kisha akafungua distoshani, ile athari ya kukwaruza sauti, hadi mwisho. Akapiga vitu vya harakaharaka kwenye nyuzi mbili nene, mambo ya kutisha watu, uzi wa tatu hakuugusa, hakubendi popote. Akazima, akanirudishia. "Dada yangu, gita halina shida. Shida ni vidole, unabonyeza sana." Nikamwomba jambo moja: abendi huo uzi wa tatu, auachie, halafu apige kodi moja bila distoshani. Akacheka, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Na kwa hela ile, mlitegemea nini?"

Sasa achague moja. Ama gita ni zima na vidole vyangu ndivyo vibovu, ama gita ni bovu kwa kuwa ni la bei ya chini. Yote mawili kwa pumzi moja hayawezekani. Nikamwambia hivyo, kwa adabu kabisa, naye akageukia mteja mwingine.

Hilo la "kwa hela ile" linaniuma kuliko la vidole. La vidole ni dharau kwangu, nitalimeza. Lakini dhana kwamba gita la fedha kidogo lazima liwe halishiki sauti, na mnunuzi ashukuru kwa alichopata, ni uongo, na historia ya ala hii yenyewe inaukataa. Mtengeneza magita Leo Fender alipotoa gita lake la Broadcaster mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata lilikuwa limeshapewa jina la Telecaster, shingo iliunganishwa na mwili kwa skrubu, mwili wenyewe kipande cha mbao bapa, ili kiwandani watengeneze kirahisi na fundi arekebishe kirahisi. Urahisi wa kutengeneza haukulifanya gita baya, na mpaka leo linapigwa. Brian May, mpiga gita wa bendi ya Queen, ndiye kabisa. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule asiye na fedha za kununua gita la kiwandani, alianza kujitengenezea lake nyumbani pamoja na baba yake. Mbao ya shingo ilitoka kwenye fremu ya jiko la ukutani la kuotea moto. Springi za daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, zilikuwa springi za valvu za pikipiki kuukuu. Na gita hilo ndilo alilokuja kulipiga na Queen miaka yote. Lakini angalia alichokihangaikia kijana yule: msuguano. Aliweka freti ya sifuri, ile ya mwanzo kabisa wa shingo, ili nyuzi zilale juu yake, na darajani akaweka vigurudumu vidogo ili uzi ukivutwa uteleze na kurudi. Kwa vifaa vya kuokota alikaa akafikiri uzi unapita wapi na unakwama wapi. Kiwanda chenye mashine kimeshindwa nini?

Basi nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza ala. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu tulione." Sikuwahi hata kulichomeka. Akalilaza juu ya meza, akabendi uzi wa tatu akiwa ameinamisha sikio kichwani mwa gita badala ya kwenye pikapu, akausikia ule mlio. "Nati inabana," akasema.

Nati ni kile kipande chembamba mwanzoni mwa shingo, mara nyingi cha plastiki kwenye magita haya, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kuelekea kwenye vifunguo. Kwenye kichwa cha vifunguo vitatu kila upande, kama cha hili langu, nyuzi za katikati, D na G, zikishatoka kwenye nati hukunja kwenda pembeni kuliko zote. Mfereji ukiwa mwembamba au una vinyweleo vya plastiki vilivyoachwa na mashine, uzi unang'ang'ania. Ukikaza kifunguo, mvutano unarundikana upande wa kichwani na hauvuki, mpaka unaposhinda na kuruka kwa mara moja. Ndiyo hiyo tik. Ukibendi, uzi unateleza kuja upande wa kupigia, ukiuachia unashindwa kurudi, unabaki umelegea, uko flati. Mzee alinieleza hayo kwa sentensi chache, akanisogezea taa na lenzi nione. Ndani ya mfereji wa tatu kulikuwa na ukingo mdogo mweupe uliokwaruzika, na kijiunga cha plastiki kimeganda kwenye misokoto ya uzi wa nne. Jambo la upana wa unywele.

Kisha akafanya kitu kilichonichemsha upya. Akabonyeza uzi kwenye freti ya tatu, akanionyesha pengo lililobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Linatakiwa liwe jembamba, la kuonekana kwa shida. Langu lilikuwa la wazi kabisa. "Hii nati iko juu mno. Ukishika F huku chini lazima ubonyeze kwa nguvu, na ukibonyeza uzi unavutika, sauti inapanda." Yaani muuzaji aliona nabonyeza sana, na kweli nilikuwa nabonyeza sana, kwa sababu gita alilouza yeye lilikuwa linanilazimisha! Aliona dalili, akamlaumu mgonjwa.

Mzee akatoa tupa zake ndogo za mviringo, kila moja na unene wake. Akapitisha kidogo, akarudisha uzi, akasikiliza, akapitisha tena, akifuata mwelekeo wa kila uzi unakokwenda. Akasugua penseli ya kawaida ndani ya mifereji, maana risasi ya penseli inalainisha. Mwisho akakagua freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya urefu wa uzi, akilinganisha ile sauti ya kengele unayoipata kwa kuugusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza na sauti ya kuubonyeza palepale. Iliyobonyezwa ilikuwa shapu, akasogeza nyuma kitandiko cha uzi kilicho darajani kwa bisibisi hadi zikalingana. Malipo aliyonitajia yalinifanya nimwulize mara ya pili kama nimesikia vizuri.

Na sasa inabidi niifute sentensi yangu ya kwanza. Gita hili ni zuri. Ni zuri mno! Nilirudi nyumbani nikabendi uzi wa tatu, nikauachia, nikapiga E, na E ilikuwepo. Nikapiga usiku kucha. Ukiweka amplifaya safi bila distoshani, pikapu ya karibu na shingo inatoa sauti nene yenye utamu, na ya darajani inakata vizuri kwa solo za juu. Zinavuma kidogo ukikaa karibu na taa au chaja, lakini hiyo ni tabia ya pikapu za koili moja kokote duniani. Kwa ajili hiyo Seth Lover wa kampuni ya magita ya Gibson alibuni ile ya koili mbili, hambaka, mwaka 1955. Sioni kama ni kosa. Nimelilinganisha na gita la rafiki yangu la bei kubwa zaidi, na kwa kazi zangu sioni nilichokosa. Linunue.

Lakini nikishaandika "linunue" naona sura ya mtu mwingine kabisa. Gita la bei hii hanunui mpigaji mzoefu, ananunua anayeanza. Kijana au mtu mzima aliyejinyima, kodi mbili tatu ndiyo kwanza anazijua. Yeye hana sikio la kumwambia uzi wa tatu unakwama. Hajui tik ni nini. Anapiga C kama video inavyomwonyesha, inatoka mbovu, anajikaza kubonyeza, vidole vinavimba, inatoka mbovu zaidi. Akirudi dukani anaambiwa shida ni vidole. Na ataamini, kwa nini asiamini? Ataliweka gita nyuma ya mlango na atasema muziki hakujaliwa. Ni wangapi wameacha hivyo, wakiwa na vidole vyema kabisa, kwa sababu ya kazi ya tupa ya muda mfupi ambayo kiwanda hakikuifanya wala duka halikujali? Hapo hasira yangu haishuki. Kwa hiyo kwa anayeanza narudi nilikoanzia: usilinunue. Au linunue na siku hiyohiyo lifike kwa fundi kabla ya kufika nyumbani, na fedha ya fundi uihesabu ndani ya bei. Punguza kwenye amplifaya ikibidi, usipunguze hapo.

Na dukani usikubali mtu akupigie. Shika mwenyewe, hata kama unajua kodi moja. Omba sauti safi; distoshani inafunika maovu yote. Bendi uzi wa tatu na wa nne, achia, piga kodi yako moja, sikiliza. Zungusha kifunguo taratibu uone kama sauti inapanda kwa ulaini au inaruka. Bonyeza freti ya tatu utazame freti ya kwanza. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, kwani mbao ikikauka husinyaa na ncha za freti hutokeza zikakukwaruza. Mimi nilikagua la mwisho hilo na lilikuwa sawa, namshukuru aliyelifanya. Kisha uliza waziwazi kama wanaliseti, yaani kulirekebisha, kabla ya kuuza. Mwenye duka anayejali atakujibu bila kununa.

Nyota? Gita lenyewe, baada ya mzee, nne, na leo jioni nilikuwa karibu kuandika tano. Gita kama lilivyotoka kwenye boksi, mbili. Huduma haina hata moja, na kama muuzaji yule angekubali tu kubendi uzi mara moja nilipomwomba, nisingeandika haya.

Mdogo wangu, baada ya kunisikia nikipiga, sasa anataka kujifunza. Ameniuliza anunue lipi. Nimemwambia achukue aina hiihii, duka lingine, na kabla ya kutoa hata senti aushike uzi wa tatu mbele ya muuzaji. Na safari hii mimi ndiye nitakayembebea amplifaya, nitasimama pembeni yake. Atakayemwambia habari za vidole atanijibu mimi.