Iyafoni zisizo na waya: nimenunua mara tatu hapa Kisumu, hizi za mwisho ndio zimenifaa

Kazi yangu ni kupokea oda kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, mabati, misumari, simiti, vitu kama hizo, na wateja wengi wako nje ya mji, Luanda, Ahero, Siaya, Bondo, wote wanapigia mimi. Siku ya kawaida ni simu arobaini, siku za Jumatatu hata zaidi. Kabla ya iyafoni nilikuwa nabananga simu kati ya bega na sikio ndio mkono ubaki na kalamu, mpaka ikifika Alhamisi shingo haigeuki. Kwa hivyo mimi sikununua hizi vitu za kuringa nazo kwa matatu, nilizinunua juu shingo ilikuwa inaniuma.

Pea ya kwanza nilichukua Oginga Odinga Street kwa kibanda kimoja, shilingi 1,200. Kijana alinichezea wimbo mmoja wenye besi nzito, nikasikia tamu, nikalipa na M-Pesa nikaenda. Wimbo mmoja, dakika mbili, nimesimama. Hapo ndio nilikosea, juu sikio halilalamiki dakika mbili. Linaanza kulalamika saa tano ukiwa umeziweka tangu asubuhi. Kufika lunch sikio la kushoto lilikuwa linauma ndani kabisa kama mtu amefinya na kidole, la kulia halina shida yoyote. Nikavumilia wiki nzima nikidhani nimeshikwa na ugonjwa wa sikio, nikaenda kuangaliwa, daktari akachungulia na kale katochi kao akaniambia hakuna ugonjwa, ni vile tundu la kushoto ni nyembamba kuliko la kulia na hiyo ni kawaida, watu wengi masikio yao hayalingani.

Sasa nirudi nyumbani nifungue ile boksi, nakuta kakaratasi ka nailoni kana viraba vya silikoni vidogo na vikubwa. Zilikuwa hapo siku zote! Iyafoni zinakujanga zimevalishwa saizi ya katikati na hakuna mtu wa kukuambia ubadilishe. Nikaweka kidogo kushoto, nikaacha cha katikati kulia, na maumivu yakapungua zaidi ya nusu. Aki kama kuna kitu kimoja utashika kwa haya yote nimeandika ni hiki, si lazima masikio mawili yavae saizi moja. Kiraba kikiwa kikubwa kinasukuma nyama ya ndani, kikiwa kidogo besi yote inatoroka na utaanza kuongeza sauti bila sababu ukidhani iyafoni ni mbovu. Mimi najaribunga hivi: naziweka, nafungua mdomo wazi, natafuna kama nakula muwa, nikiona inateleza kutoka najua hiyo saizi siyo.

Lakini hata na viraba sawa, zile za kwanza hazikunifaa kwa simu, na sababu ilinichukua muda kuelewa. Zile zinaingia ndani na kuziba tundu lote zinafanya usikie sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani, kama unaongea ndani ya tangi la maji. Ukisikiza muziki hutajua. Ukiongea na mteja dakika moja pia sawa. Ila ukiongea siku nzima unachoka vibaya, unaanza kuongea chini chini bila kujua na mteja anakuambia "madam ongea". Kuna watu wa simu nyingi wanaopendelea zile za kukaa tu mlangoni mwa sikio, zisizo na kiraba, ile sura iliyoenea sana baada ya AirPods kutoka mwaka wa 2016. Hewa inapita, sauti yako unaisikia kawaida.

Kwa hivyo pea ya pili nikachukua hiyo sura, 2,300. Kwa starehe sina neno, nilikuwa nasahau nimezivaa. Shida ikawa mbili. Ya kwanza, hazishiki. Nikiwa na tuktuk barabara ikiwa na mashimo kipande cha kulia kinatoka, na siku moja nikiwa kwa boda pale Kondele kilianguka na nikashukuru Mungu kiliingia kwa mkoba badala ya lami. Ya pili ndio kubwa na ndio ilinigharimu pesa.

Mteja wa Luanda alipiga akitaka mabati thelathini, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka, lori linapakia, welda wa jirani anakata chuma. Nikasikia themanini. Nikarudia kumuuliza "themanini, si ndio?" naye kwa upande wake akasikia thelathini, akasema ndio, ndio, leta. Unaona hayo maneno mawili vile yanafanana ukitoa katikati? Lori likaenda na mabati themanini kwa mtu wa thelathini. Hamsini zikarudi, mafuta ya kurudisha tukagawana na mdosi, na yule mteja alikuwa ananiangalia na jicho lingine miezi miwili. Tangu siku hiyo nambari nasema moja moja, "nane na sufuri", lakini pia nilijua kitu, mimi nilikuwa nimenunua iyafoni nikiangalia vile MIMI nasikia, sikuwahi kuuliza vile mtu wa upande wa pili ananisikia.

Na hapa watu wengi wanachanganywa na boksi, hata mimi. Utaona imeandikwa ENC na muuzaji anakuambia hii inaondoa kelele. Ni kweli inaondoa, lakini ni kelele inayoingia kwa maiki yako, kwa faida ya yule unayeongea naye. Wewe mwenye masikio kelele za matatu utazisikia tu kama kawaida. Ile ya kupunguza kelele unayosikia wewe inaitwa ANC, hiyo inatengeneza sauti iliyo kinyume na kelele ya nje ndio zimalizane, na inaweza sana ngurumo ya injini, jenereta, feni, zile kelele zinaendelea bila kubadilika. Mtoto akilia au makanga akigonga bati la gari, ANC haisaidii sana. Kwa hivyo ukiwa mtu wa simu nyingi usilipe pesa ya ANC ukitegemea wateja wakusikie vizuri, ni vitu mbili tofauti kabisa. Na usiamini ENC juu imeandikwa, iliandikwa pia kwa zile zangu za pili, na mabati mliona.

Pea ya tatu nilikataa kununua kwa wimbo. Nilifunga safari Jumamosi mchana nikienda na vitambaa vya spirit vya kupangusia, juu zimeingia masikio ya watu wengine pia, nikamwambia muuzaji, "Boss, kabla sijatoa pesa nataka nipige simu moja hapo nje." Akasita, nikamwachia simu ya pili kama rehani akakubali. Nikatoka hadi ukingo wa barabara, pikipiki zinapita, na nikampigia mamangu Mbale, Vihiga. Yeye ananiitanga Mama pia, juu nilipewa jina la mamake. Pea ya kwanza nilijaribu akaniambia, "Mama, huyo mtu anauza njugu hapo karibu na wewe anauza pesa ngapi?" Nikarudisha hiyo. Ya pili akanisikia lakini akasema sauti yangu inakatika katika kama niko na mafua. Ya tatu akaniuliza, "Kwani umeingia ndani ya nyumba?" na nilikuwa nimesimama pale pale, sijasonga hata hatua moja. Nikarudi ndani nikalipa 4,800, nikadai risiti imeandikwa waranti ya mwaka na tarehe.

Hizo ndio natumia mpaka leo, miezi minane sasa. Sitaji kampuni na ni kwa makusudi, juu nikitaja utaenda kununua hiyo na sikio lako si langu. Nitakuambia vile zimetengenezwa. Zina kijiti kinachoshuka kuelekea mdomoni na maiki iko chini ya kijiti, naamini hiyo inasaidia kuliko maneno yote ya boksi. Kiraba kipo lakini ni kifupi, hakizami ndani, na kuna katundu ka kupumua kwa hivyo ule mvumo wa tangi ni kidogo tu. Ni nyepesi, nikizivaa na miwani na kitambaa cha kichwa hazisukumani. Kuna hali ya kuruhusu sauti za nje ziingie, hiyo ndio naweka nikiwa dukani ndio nisikie nikiitwa. Kwa boda mimi natoa kabisa, barabara ya Mamboleo unataka masikio yote mawili.

Betri, msiamini saa za boksi. Zimeandikwa saa sita, na kwa muziki wa sauti ya wastani zinafika karibu hapo, lakini kwa simu napata nne, maiki ikifanya kazi betri inaisha haraka. Mimi navaa kipande kimoja kwa wakati mmoja, kingine kiko kwa kikasha chake kinachaji, kikilia cha sikioni nabadilisha. Hivyo siku inaisha na hata stima ikipotea usiku sina wasiwasi, tena sikio linapumzika kwa zamu. Angalia tu kabla ya kununua kama kila upande unaweza kufanya kazi peke yake, kuna zile za zamani zinakataa.

Kuna mambo ingine hayanitesi lakini nilidhani ni ubovu. Ukiwa unasikiza muziki kwa kompyuta na maiki ikafunguka, sauti inakuwa nyembamba ghafla kama redio ya betri imeisha, hiyo ni Bluetooth imehama kwa njia ya simu, ukimaliza inarudi. Na zikikatika katika ukiwa unatembea, toa simu kwa mfuko wa nyuma, mwili wetu ni maji mengi na yale mawimbi hayapendi maji. Mimi nimeshonesha mfuko mbele ya aproni, shida ikaisha.

Joto la Kisumu nalo, hasa Januari na Februari, jasho linashuka mpaka ndani ya sikio. Tafuta iliyoandikwa IPX4 angalau, hiyo inastahimili kurushiwa maji matone matone, siyo kuogea nayo, na mara nyingi hiyo nambari ni ya vipande vyenyewe, kikasha hakimo. Kwa hivyo pangusa kabla ya kurudisha. Upande mmoja ukianza kusikika chini usikimbilie fundi, angalia ile nyavu ndogo, nta ya sikio imejaa. Shika kipande kikiangalia chini, sugua na mswaki laini mkavu, usitumie maji wala pini.

Kitu sipendi kwa hizi zangu ni kugusa. Nikirekebisha kitambaa cha kichwa kidole kikipita tu, mteja amekatwa. Ilitokea mara tatu siku moja na mmoja akakasirika akaenda kwa mwingine, ikaniuma kweli. Niliingia kwa apu nikazima mguso wa mara moja, nikaacha wa mara mbili. Pia viraba vidogo vinapotea rahisi, nimeshanunua vingine pea tatu kwa 150.

Sauti, nakaa chini ya nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mimi kazi yangu pekee inakaribia hizo saa kabla hata sijaweka wimbo. Kwa matatu wakifungulia muziki natoa iyafoni badala ya kushindana nao.

Zile za pili, za kuanguka, nilimpa ndugu yangu mdogo anayesoma Maseno. Yeye masikio yake ni mapana. Amecheza nazo mpira tangu Pasaka na hazijawahi kuanguka hata mara moja, na Mama akiongea naye anamsikia vizuri, juu yeye hapigi simu karibu na welda.