Fundi wa bunduki Industrial Area: risasi hazikwami tena

Naanza na bei, maana najua ndiyo inayowaleta: shilingi 4,000, risiti nikapewa, na hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa. Fundi wa kwanza niliyemwendea, upande mwingine wa mji, alitaka karibu mara tano ya hizo, tena kwa kazi ambayo ingeniharibia bunduki milele.

Yenyewe ni bunduki ya bolti, ile komeo unayovuta na kusukuma kwa mkono kupandisha kila risasi, ya kuwindia, mfumo wa Mauser 98, mtutu wa risasi za saizi ya .30-06. Ilikuwa ya mjomba. Sasa cheti kiko kwa jina langu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo tangu ifike kwangu haijaua hata sungura, kazi yake ni kutoboa karatasi uwanjani. Lakini karatasi nayo hutoboi kama risasi haiingii chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kupigwa. Nikijaza tano, mbili za kwanza zilipanda bila shida. Kuanzia ya tatu, ukisukuma bolti, ncha inainama, inagonga chini ya mlango wa chemba, na bolti inagoma hapo hapo.

Yule wa kwanza alitazama kidogo tu akaamua: mteremko wa kuingilia chemba una kona kali, auchonge kwa tupa. Nikafunga begi langu. Chuma kikishaliwa na tupa hakirudi, na kwenye Mauser ule mteremko na zile kingo zinazozuia risasi isiruke vimechongwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe. Si bati la magazini ya kuchomoa, ambalo ukilipinda unanunua jingine.

Huku Industrial Area, karani aliomba cheti kabla sijagusa zipu ya begi, akalinganisha namba, akaandika kwenye rejista. Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Mimi duka la silaha lisiloniuliza cheti silirudii. Fundi ni mzee wa maneno machache. Alivuta bolti nyuma, akachungulia chemba, akaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, ndipo akauliza: "Inakwama ya ngapi?"

Swali hilo yule mwenzake hakuuliza. Mzee anasema zikikwama zote, yeye huanza na urefu wa risasi na mteremko. Zikikwama za mwisho tu, huanza na springi. Hata hivyo hakufungua kitu. Alitoa risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki, akazipaka wino mweusi wa kalamu nene, akazijaza, akasukuma bolti polepole kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala. Ya tatu ikakwama. Akaitoa, akaishika chini ya taa, akanisogezea nione mwenyewe. Wino ulikuwa umekwanguka kwenye ncha, upande wa chini peke yake. Ubavuni mzima, begani mzima. Maana yake kingo hazikuwa zinabana, wala kucha ya bolti, inayoshika ganda la risasi, haikuwa na neno. Risasi ilikuwa inatoka kwenye sanduku la risasi, lililo chini ya bolti, ikiwa tayari imeinamisha kichwa.

Akafungua kifuniko cha chini. Springi ya Mauser ni utepe wa chuma uliokunjwa zigizaga, na ina mbele na nyuma yake. Yangu ilikuwa imegeuzwa! Aliyewahi kuisafisha aliirudisha kinyume, ikawa inasukuma nyuma ya risasi kuliko mbele. Sanduku likijaa, risasi zinashikiliana na kasoro haionekani. Zikibaki chache, kibao kinacholala juu ya springi kinainama. Akaigeuza, akafuta grisi ya zamani iliyoganda, akarudisha.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake akaomba aone aina ya risasi ninazopiga, akazipima. Sanduku la Mauser ya kawaida lilitengenezewa risasi ya 8x57, ambayo urefu wake hauzidi milimita 82, na .30-06 inaweza kufika 84.8. Nafasi inabaki finyu. Akanionyesha ncha za risasi nilizokuwa nimebakiza: zimebonyea, kwa sababu bunduki ikiruka nyuma, zilizobaki ndani zinajigonga ukuta wa mbele. Ushauri wake ni ninunue zenye ncha fupi ya mviringo. Pia nisitumbukize risasi moja kwa moja chemba, kwa sababu kucha ya Mauser imeundwa kuishika ikipanda kutoka chini. Ukiilazimisha iruke juu ya ukingo wa ganda, siku moja itavunjika.

Wenye magazini ya kuchomoa, jaribio lenu ni rahisi zaidi: azima magazini nyingine ya aina hiyo hiyo. Tatizo likiisha, bunduki haina kosa, angalia midomo ya ile ya kwanza, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, hasa kama imewahi kuanguka kwenye saruji.

Tangu hapo nimeipiga uwanjani kwa kila namna, ikiwa imejaa, ikiwa na mbili, bolti taratibu, bolti kwa nguvu. Haijakwama.

Ubaya wa duka? Simu hawapokei, pa kuegesha gari ni shida, na kusubiri kwenyewe ni kwa kusimama maana kiti ni kimoja. Jina siliandiki hapa, wenye silaha hatutangaziani ratiba. Ukiwa na cheti, anayekuuzia risasi atakuelekeza. Nenda asubuhi. Mchana mzee huwa ameondoka, na kijana anayebaki anauza mafuta na vitambaa tu.