Wameng'oa kioo cha mbele, kumbe maji yalikuwa ya AC

Nyota moja, na hiyo moja nayo ina maelezo yake.

Jina la gereji naliacha. Iko Dar, ina vigae sakafuni, ina soda ya bure kwenye friji, na ina fundi mkuu ambaye ukimweleza tatizo la gari lako yeye anaangalia simu. Tatizo lenyewe halikuwa la ajabu: gari dogo la Kijapani, kapeti la mbele upande wa abiria limelowa chapachapa, na kila asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani. Unafuta, dakika tano umerudi. Nikamwambia aanze na paipu ya kutolea maji ya AC. Akajibu: "Dada, wewe endesha. Ufundi tuachie sisi."

Wakang'oa kioo cha mbele. Hakuna aliyeingiza hata kidole kwenye hayo maji kwanza! Huo si ufundi, ni ramli.

Maji ndani ya gari yanajitambulisha yenyewe ukiyapa nafasi. Chukua tishu nyeupe, pitisha mkono chini ya dashibodi upande wa abiria, uibane pale yanapoteremkia. Usiibane kwenye kapeti, maana kapeti chafu litakudanganya. Ikitoka safi, haina rangi wala harufu, mshukiwa wa kwanza ni AC. Ikitoka na rangi ya waridi au kijani, inateleza kati ya vidole na inanukia utamu, hayo ni maji ya rejeta na hita inavuja. Hapo utakuta pia kioo cha mbele kina utando kama wa mafuta, ukiufuta unasambaa tu, na tangi la akiba linapungua. Ikitoka na mchanga au vumbi, ni mvua au maji ya kuoshea gari.

Halafu jiulize kapeti linalowa lini. Likilowa siku kavu baada ya kukaa foleni na AC, kioo cha mbele kinahusikaje? Hilo swali nililiuliza pale kaunta. Nikaambiwa nisubiri kwenye sofa.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Simamisha gari mahali pakavu, washa AC baridi ya mwisho, feni ya kati, dakika 15 hadi 20, kisha chungulia chini. Kwa unyevu wa Dar lazima kuwe na kidimbwi. Hewa inapita kwenye evaporeta (kile kipande cha AC kinachopoza hewa) iliyo baridi, unyevu unageuka maji, maji yanatakiwa kutoka kwa kipaipu cha mpira kinachochungulia kwenye ukuta kati ya injini na sehemu wanamokaa watu. Kwa magari mengi ya usukani wa kulia kiko upande wa abiria, chini. Kikizibwa na vumbi, majani au udongo wa nyigu, boksi la evaporeta linajaa na kumwagikia kapeti. Dalili ya mapema ni maji kusikika yakicheza nyuma ya dashibodi ukikata kona. Kwenye langu yalikuwa yakicheza. Nililisema hilo pia.

Kuzibua nako kuna adabu yake. Hewa ya kompresa kwa nguvu kutoka chini inaweza kuchomoa kipaipu upande wa ndani, na hapo umejiongezea kazi. Ni salama zaidi kuvuta kwa mashine ya kufyonzea vumbi kutoka chini, au kupenyeza polepole uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani. Waya mgumu usiutumie. Ukifanikiwa utajua, maana yatakushukia mkononi kwa mkupuo, meusi, na harufu ya soksi.

Sasa haki itendeke. Kuna kijana pale, nadhani bado anajifunza, ndiye aliyelala chini ya gari siku ya pili na kuzibua ndani ya dakika kumi. Hakuishia hapo. Wengi wanaanika gari milango wazi, juu pakikauka wanasema tayari, kumbe chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji kwa wiki nzima, na hayo ndiyo yanayopanda usiku na kuganda kwenye vioo. Yeye alitoa siti (bolti nne, spana 14), akang'oa plastiki za kizingiti cha mlango, akakunja kapeti, akaitoa sponji, akaikamua kama nguo na kuianika juani siku mbili. Akakagua bati la sakafu kama limeanza kutu, akahakikisha vizibo vya mpira viko mahali pake. Akabadilisha na filta ya AC nyuma ya droo la dashibodi, ambayo ilikuwa nyeusi kama mkaa. Kwa kazi hiyo nilikuwa natoa nyota tatu. Nne, hata.

Kisha ikanyesha.

Gari limelala nje, AC haijawashwa, asubuhi maji yanateremka kwenye nguzo ya kioo kushoto na tishu inatoka na mchanga. Yaani kioo ambacho hakikuwa kinavuja, sasa kinavuja! Wamekirudishia kwa silikoni ya dukani, ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, na asidi kwenye bati lililokwanguliwa rangi ni mwaliko wa kutu. Kioo cha gari hubandikwa kwa gundi ya yurethani, juu ya bati lililosafishwa na kupakwa praima, na gari haliendeshwi mpaka gundi ishike. Mimi nilipewa funguo baada ya nusu saa.

Nimekihakikisha kwa bomba la maji, maana sitaki nami kupiga ramli: maji ya taratibu, unaanza chini, unapanda kidogo kidogo, mtu yuko ndani na tochi. Ukianza juu maji yanatiririka kila mahali na hutajua yalipopenya. Milango na mfereji wa chini ya waipa nilivikagua kwanza, vilikuwa safi. Yaliingia nilipofika pembe ya juu kushoto ya kioo.

Na taa ya airbag inawaka. Kabla ya kuchomoa plagi za njano za airbag chini ya siti, unatoa waya hasi wa betri na kusubiri. Vitabu vya Toyota vinataja sekunde 90. Betri hairudishwi mpaka plagi zirudi. Kijana anasema alifanya hivyo, na namwamini, kwa sababu niliona kwa macho yangu fundi mkuu akiwasha swichi ya gari ili asikilize redio wakati siti iko nje, maana yake betri ilisharudishwa. Sasa kosa limeandikwa kwenye kompyuta ya gari na linahitaji mashine ya kulifuta, ambayo, nimeambiwa, ni malipo mengine.

Nilipopiga simu kuhusu kioo nikajibiwa kwamba magari ya zamani yote hutoka jasho. Jasho lenye mchanga!

Kwa hiyo nyota moja, na ni ya kijana. Akihamia gereji nyingine naihamishia huko, hapa ibaki sifuri.