Somo la jioni la mwendesha mashtaka: ualimu nyota tano, ratiba nyota mbili

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Marekani. Miaka yote hii natafsiri maneno ya wanasheria bila kujua kinachopikwa jikoni kwao, ndipo nikajiandikisha somo la jioni la mwenendo wa kesi za jinai. Mwalimu ni mwendesha mashtaka wa serikali kuu: mchana kortini, saa kumi na mbili jioni mbele yetu, tai imelegea, begi la magurudumu linamfuata.

Wiki ya pili alitugeuza baraza kuu la mahakama (grand jury), lile la raia 16 hadi 23, ambapo 12 wakikubali mtu anashtakiwa. Mle hakuna jaji, wala wakili wa mtuhumiwa. Tulikuwa 19. Dakika sita tu, tukamshtaki mtu wa kubuni. "Kuna aliyeuliza swali hata moja?" Kimya.

Ila jioni iliyorudisha ada yangu ni ya mafaili. Kila mmoja alipewa kesi ya ulaghai atenge karatasi za kumkabidhi wakili wa utetezi. Nikaacha kikaratasi kimoja: karani wa benki, shahidi wetu, mwanzoni alisema hakumbuki tarehe, mwezi mmoja baadaye akaikumbuka barabara. Mimi nikaona si kitu. Mwalimu akakichomoa, akakilaza peke yake mezani pangu. Akaeleza kesi ya Brady ya 1963, kwamba kuficha ushahidi muhimu unaomfaa mshtakiwa ni kumnyima haki, kisha ya Giglio ya 1972, kwamba hata kinachotia shaka kuaminika kwa shahidi kinahesabika humo. "Majambazi hawaninyimi usingizi," akasema. "Hiki ndicho."

Miongozo ya adhabu aliipitia mbiombio, na kesi zake zinazoendelea hazitaji hata umbembeleze vipi.

Sasa kero. Vipindi vitatu viliahirishwa, ujumbe ukiingia saa kumi jioni, mimi nimeshapanda basi. Nilipolalamika akanikumbusha sheria ya 1974: kesi ya jinai ina siku 70 za kuanza kusikilizwa, ukiondoa zile zisizohesabiwa. Haya, lakini nauli yangu nayo haihesabiwi? Insha yangu ilirudi baada ya wiki tano, ingawa pembeni ameijaza wino mwekundu kuliko nilivyoandika mimi.

Muhula ujao anafundisha sheria ya ushahidi. Nimeshalipa. Basi sipandi mpaka saa kumi na nusu.