Nililipia mafunzo ya Redux, nikaambiwa nirudi kukaanga dagaa

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Basi naandika nayo.

Mimi niko Kigoma mjini, Mwanga, natengeneza programu ndogo ndogo za biashara. Kipindi fulani cha mbalamwezi, mitumbwi imelala na wavuvi wamepumzika, mama mmoja anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi aliniomba nimtengenezee programu ya simu ya kuhesabia magunia. Nani kaleta, kilo ngapi, kalipwa kiasi gani, anadai kiasi gani. Tangu ziwa lilipofungwa miezi 3 mwaka 2024, watu wakaishi kwa akiba na kukopeshana, anasema pale mwaloni hakuna tena anayekubali kuhesabiwa kwa kukadiria.

Kazi yenyewe ukiisikia unaona nyepesi. Si nyepesi. Jumla ya magunia inatakiwa ionekane juu ya skrini, ionekane kwenye ukurasa wa wanaodai, na ionekane kwenye risiti, na kote iwe namba ile ile. Nilianza kwa kuipitisha kutoka komponenti mzazi, yaani kipande kimoja cha skrini kinachobeba vingine, kwenda kwa mtoto, mtoto kwenda kwa mjukuu. Ilipofika ngazi ya sita kulikuwa na komponenti ambazo hazina shida kabisa na ile namba, zinaipokea tu na kuisukuma mbele. Ukigusa jina lake mahali pamoja, panavunjika pengine patano. Nikaamua hali yote ya programu, yaani data zote zilizomo kwa wakati huo, ikae sehemu moja, stoo moja, kila anayehitaji achukue humo. Chombo cha kufanya hivyo kwenye programu za JavaScript kinaitwa Redux.

Nikalipia mafunzo yake ya mtandaoni. Shilingi elfu 60, video pamoja na kundi la WhatsApp la kuuliza maswali. Video za bure zimejaa kila mahali, kwa hiyo mjue kabisa kwamba mimi nililipia lile kundi. Nililipia mtu wa kunijibu.

Haki yao niwape kwanza. Somo la mwanzo ni zuri, na sijawahi kusikia mtu akilieleza kwa Kiswahili kilichonyooka namna ile. Kwamba hali ni moja. Kwamba haiguswi moja kwa moja. Ukitaka kitu kibadilike unatuma akshoni, yaani taarifa ya kilichotokea, halafu kuna ridusa inayopokea hali ya zamani pamoja na ile taarifa na kurudisha hali mpya. Walieleza hata kwamba Dan Abramov na Andrew Clark waliitengeneza Redux mwaka 2015, wakichukua mawazo ya Flux ya Facebook na ya lugha ya Elm. Nilimsimulia yule Mama wa dagaa jioni ile. Akaniuliza, "Mwanangu, si daftari hilo?" Na kweli ni daftari. Mama hafuti mstari hata siku moja. Akikosea kilo, anaandika mstari mwingine chini yake. Nililala nimefurahi.

Furaha ikaishia kwenye somo la tatu au la nne. Mwalimu anaanzisha stoo kwa amri ya createStore. Kwenye kihariri changu, pale ninapoandikia programu, neno lile likatokea limepigwa mstari katikati, kama jina lililokatwa kwenye orodha ya wadeni. Maana ya mstari ule ni kwamba waliotengeneza wenyewe hawataki tena uanze kwa njia hiyo. Walitangaza hivyo mwaka 2022, na wanakuelekeza kwenye Redux Toolkit, njia yao mpya ya kuandika Redux. Mwalimu ndani ya video anasema tusiujali. Sikuujali. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimemlipa.

Sasa twende Kibirizi.

Asubuhi mapema, dagaa wameanikwa, mizani imening'inia, mimi nimesimama pembeni naangalia kazi yangu ikitumika kwa mara ya kwanza. Kijana mmoja kaleta magunia 7, sita jana yake na moja asubuhi ile. Mama anapima, anaita kilo, anabonyeza. La kwanza hadi la sita mimi ndiye nilikuwa nimeyaingiza usiku kama ya majaribio na nikayaacha humo kwa sababu kweli yalikuwa yake, yalikuwa yamepimwa jana yake. La saba, kilo 48, Mama akaliingiza kwa mkono wake mwenyewe. Akabonyeza. Juu ikabaki 6.

Akabonyeza tena. 6.

Kijana akachungulia. "Mama, simu inasema sita. Mimi nimeleta saba." Watu wakaanza kusogea. Mwaloni neno "sita" likitamkwa na mtu mwenye magunia saba, kila mtu anageuka. Mama akaenda ukurasa wa wanaodai, akarudi, na sasa juu ikasoma 8, kwa sababu yale mabonyezo yote mawili yalikuwa yameingia kimyakimya. Sita imekuwa nane, na saba haijaonekana popote! Mama hakupandisha sauti. Alifungua fundo la kanga, akatoa daftari lake, akaandika, akamwonyesha kijana mstari, kijana akatulia. Kisha akanirudishia simu. "Mwanangu, mbona unanitia aibu mbele za watu?"

Ningekubali kuibiwa ile simu kuliko kuulizwa vile.

Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye kundi. Niliandika kwa adabu zote. Habari za mchana mwalimu, samahani kwa usumbufu, nikaweka picha ya skrini, nikaeleza kwamba programu ni ya kuhesabu magunia ya dagaa huku Kigoma, kwamba akshoni inatumwa lakini namba haibadiliki mpaka nihame ukurasa na kurudi. Nikauliza kama inahusiana na ule mstari kwenye createStore.

Jibu la kwanza: nitazame video tena. Nikasema nimeitazama mara tatu. Jibu la pili nalinakili lilivyo: "Dada, hii kazi si ya kila mtu. Nyie wa Kigoma rudini mkakaange dagaa."

Chini yake wawili wakaweka vicheko. Nilipokuwa naandika kujibu, kundi likafungwa, likawa la matangazo tu, wanaoandika ni wasimamizi peke yao. Elfu 60 yangu iko ndani, mimi niko nje.

Naomba nieleweke. Sioni aibu ya dagaa. Nimesomeshwa kwa dagaa. Hao anaowadharau wanashinda usiku juu ya maji na taa, na anayenunua kwao anajumlisha kilo za watu ishirini kichwani bila kukosea. Kinachoniuma ni kwamba swali langu lilikuwa sahihi, na nilikuwa hata nimeshagusa jibu.

Kwa sababu jibu nililipata mwenyewe, usiku ule ule. Niliweka kwenye kivinjari kiendelezi cha Redux DevTools, kinachoonyesha kila akshoni na ilichobadilisha, nikaongeza mstari mmoja unaokiunganisha na stoo, maana kwa njia ya zamani hakijiungi chenyewe. Nikaingiza gunia la kilo 48. Upande wa kushoto akshoni ikajitokeza: gunia limeongezwa, kilo 48, kila kitu sawa. Nikafungua sehemu inayoonyesha tofauti kati ya hali ya kabla na ya baada. Ikaniambia hakuna tofauti, hali hizi mbili ni sawa. Nilikaa nayo muda mrefu. Gunia limeingia, halafu hakuna kilichobadilika? Nikafungua ridusa yangu, na humo nikakuta nimeandika push.

Push inaongeza kitu kwenye orodha ile ile iliyopo. Sasa Redux, ikiwa na React, maktaba inayochora skrini, haifungui orodha kuhesabu kilichomo. Inauliza jambo moja tu: hiki nilichopewa ni kitu kile kile cha mwanzo, au ni kingine? Mimi nilikuwa nairudishia daftari lile lile nililochomekea mstari kwa siri. Ikaona ni lile lile, ikanyamaza, skrini haikuchorwa upya. Mama alipohama ukurasa na kurudi, komponenti ikaanza upya, ikasoma stoo, ikakuta magunia yote yaliyochomekwa. Ndiyo ile 8.

Na push niliitoa wapi? Niliikuta kwenye maelezo rasmi ya Redux ya sasa hivi, na huko inaruhusiwa! Redux Toolkit ina Immer ndani yake. Immer inakupa rasimu uichoree unavyotaka, halafu yenyewe inatengeneza hali mpya kutokana na ulichochora. Kwa hiyo push ni halali huko na ni sumu huku, na mimi nilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule, kwa sababu mwalimu alisema nisijali mstari.

Jibu nililostahili lilikuwa hili: usitumie push kwenye ridusa ya mtindo wa zamani. Maneno 8. Yeye alitumia 13 kunitukana.

Redux yenyewe je? Usiku ule niliapa siigusi tena. Chombo cha kutunza kumbukumbu kinawezaje kukosewa hivyo na kisitoe hata sauti? Kosa likipiga kelele nalirekebisha nyumbani. Hili lilinyamaza mpaka likafika mbele ya mizani. Nilikuwa tayari kuandika kwamba mtu yeyote mwenye mteja halisi akae mbali nayo.

Kesho yake nikahamia Toolkit, na nusu ya kauli ile naifuta. Ukianzisha stoo kwa configureStore, wakati unatengeneza programu inakukagua, na ukichokonoa hali kinyemela nje ya rasimu inakutupia kosa jekundu hapo hapo. DevTools zinajiunga zenyewe. Faili zangu nne za akshoni na ridusa zikawa moja. Ile sauti niliyokuwa nailalamikia ipo. Niliizima mwenyewe kwa kutoujali mstari ule.

Nusu nyingine siifuti bado. Mdogo wangu wa Ujiji alipoona kazi alicheka kwa mshangao, akanionyesha stoo yake aliyoitengeneza kwa Zustand, chombo kingine cha kutunza hali, faili moja fupi, hakuna ridusa, hakuna akshoni za kupewa majina. Na mwaka 2016 Abramov mwenyewe aliwaandikia watu kwamba huenda hawaihitaji Redux. Kwa programu ya mnunuzi mmoja, mizani moja, kurasa tatu, nadhani mdogo wangu ana haki. Ningeanza leo ningeanza na kidogo.

Lakini kuna kitu nimekiona, siwezi kukinyamazia. Nilimfungulia Mama DevTools kwenye kompyuta, nikayaingiza upya magunia ya asubuhi ile ya aibu, kisha nikarudi nyuma akshoni moja baada ya nyingine, gunia likitoka, gunia likiingia. Aliweka kidole kwenye skrini akafuata mstari kwa mstari kama anavyofanya kwenye karatasi. "Hapa," akasema, "hapa ndipo ilipokosea." Hajui JavaScript. Alipaona. Kwa hilo peke yake Redux naiacha ndani ya programu yake, na kama ubishi ukitokea najua pa kutazama.

Mafunzo, usilipie. Hapo sibadiliki. Kama ulishalipa, tazama somo la kwanza na uachie hapo, kisha fungua maelezo rasmi uanzie na Toolkit. Na popote utakapoona jina limepigwa mstari katikati, simama, hata kama mwalimu anasema endelea. Nimeomba elfu 60 yangu mara mbili kwa ujumbe wa kawaida. Ujumbe umesomwa.

Majuzi nilirudi Kibirizi. "Mwakeye, Mama," nikamsalimia kwa Kiha. Akaitika, akanipa simu niishike wakati anafunga gunia, akaichukua tena. Daftari bado anatembea nalo, anaandika kote kuwili, na sijamwambia aache. Kijana yule yule alikuwa mizanini. Mama akaita kilo 51, akabonyeza, namba ya juu ikaruka kabla hajamaliza kufungua kalamu. Hakuniambia kitu. Aliigeuza simu, akamwelekezea kijana aione.