Kisukari cha mimba: vidonge vya metformin au sindano ya insulini?

Lishe na kutembea vikishindwa kushusha sukari ya asubuhi kabla ya kula chini ya 5.3 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu), huja dawa.

Metformin humezwa pamoja na chakula, haihitaji friji. Ila tumbo huvurugika siku za mwanzo, na dawa huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Insulini haivuki, na dozi hupangwa kulingana na mlo. Mimi naegemea huku, mama mwenzangu, hasa sukari ikiwa juu sana. Najua sindano inatisha. Sindano yenyewe ni nyembamba, ya kuchoma chini ya ngozi tu. Pasipo friji, chupa hukaa kwenye chungu cha udongo kinachomwagiwa maji. Mikono ikitetemeka na jasho jembamba likikutoka, sukari imeshuka: koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe papo hapo.